Vituo Twavipita, Lakini Twavijua?

Mtumishi wa serikali, awe askari, polisi au karani, ni mtu wa barua. Barua moja humleta mahali, na nyingine humwondoa. Katikati ya barua hizo mbili watoto huzaliwa, hung'oka meno ya utoto na kupata marafiki. Kisha mizigo hufungwa, nao huondoka bila ya kupajua mahali walipokulia.

Nasema haya kwa kuwa nililelewa hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa polisi, nasi tulihama naye vituo vinne. Nikiulizwa leo niliona nini huko, nakumbuka bomba la maji, lango la kambi na foleni ya mashine ya kusaga mahindi. Baba alikuwa mtu wa kazi, na mapumziko yake aliyatumia kulala. Hakuna kilima hata kimoja ninachoweza kusema kwamba nilikipanda pamoja naye. Kwa sababu hiyo, nilipotolewa katika ualimu na kuletwa ofisini Tororo, mimi na mke wangu tuliazimia kuwa Jumapili moja ya kila mwezi iwe ya kutembea na watoto.

Majirani walitucheka. "Tororo kuna nini cha kutazama, ila malori yanayongoja kuvuka?" Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Tulianza na Mwamba wa Tororo, ambao kila mtu huuona na wachache huupanda. Kilele chake ki mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Zamani palikuwa na volkano hapo; uji wa moto uliganda ndani ya koo lake, na mawe laini yaliyouzunguka yakaliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu mno, ukabaki huo mwamba peke yake. Njiani kuna ngazi za kushika kwa mikono. Tulipofika juu tuliuona Mlima Elgon upande wa kaskazini, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, na upande wa mashariki tukaiona nchi ya Kenya. Binti yangu aliuliza, "Baba, mstari wa mpaka uko wapi?" Kutoka pale juu hakuna mstari.

Swali lile lilitupeleka kwenye historia. Hadi mwaka 1902 Uganda ya wakoloni ilienea mashariki mpaka Bonde la Ufa. Mwaka huo Waingereza waliikata sehemu hiyo na kuitia katika nchi inayoitwa Kenya leo. Ndiyo maana Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na shangazi yupo huku, mpwa yupo kule. Mito nayo haikuulizwa. Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga na Mto Sio huteremkia Ziwa Victoria, lakini maji ya yote miwili huingia katika Nile.

Jumapili nyingine tulivuka Malaba kwenda Kakapel, katika milima ya Chelelemuk, upande wa Kenya. Chini ya jabali kubwa kuna michoro ya kale ya ng'ombe na alama nyingine, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Tangu mwaka 2004 mahali hapo ni kumbukumbu ya taifa la Kenya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kunde zilizochimbwa hapo zina umri wa miaka 2,300 hivi, na kwamba wimbi lilikuwapo angalau miaka 1,000 iliyopita. Mke wangu, ambaye hupanda kunde nyuma ya nyumba yetu, alisimama kimya kitambo, kisha akawaambia watoto, "Basi msiseme tena kuwa mboga hii ni ya shida. Ni ya wazee wetu."

Busia tuliitazama kwa namna mbili. Kwanza ni mji wenyewe, ambamo kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2018 humwezesha msafiri kukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili. Pili ni ziwa, kwa maana kusini ya mji njia hushuka hadi Majanji, ufukweni mwa Victoria. Huko watoto waliona dagaa wakianikwa juani, wakajifunza kuwa ni wale wale waitwao mukene Uganda na omena Kenya.

Nawapa akina mama na akina baba mashauri machache. Mwamba usipandwe baada ya mvua, kwani huteleza. Pandeni asubuhi, na maji ya kunywa yasisahauliwe. Ziwani watoto wasichezee maji ya ukingoni penye majani, maana huko kuna kichocho. Wanaovuka mpaka wachukue vitambulisho. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda na Kenya waweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Chakula kipikwe nyumbani, viazi na mayai vyatosha, na nauli iwekwe akiba kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwezi.

Ndugu msomaji, hatuchagui tunakopelekwa, lakini twaweza kuchagua kupafahamu. Mtoto aliyepanda mwamba akishikwa mkono na mzazi wake ana kitu ambacho hakuna uhamisho utakaomnyang'anya. Kila kituo kina kilima chake, mto wake au jiwe lake. Muulizeni mwenyeji, naye atawaonyesha njia.