Subaru Si Jina la Gari

Ukimuuliza Mkenya anaendesha gari gani akakujibu "Subaru", hajakuambia kitu. Subaru ni ukoo. Ndani yake kuna Forester ya mama wa kanisa, kuna Legacy ya mwalimu mkuu, halafu kuna ile Impreza inayokuamsha saa nane usiku ukafikiri vita vimefika Thika Road. Na hata ukisema Impreza, bado. Impreza gani?

Haya mambo niliyajua kwa sababu ya kodi ya nyumba. Baada ya kuacha chuo nilipata kibarua cha kuandikia yadi moja matangazo ya magari, nikilipwa kwa kila tangazo. Wanunuzi wa magari mengine huuliza bei na kilomita. Wa Impreza hawaulizi hivyo. Wanataka kujua namba ya chasisi inaanza na herufi gani. Ukikosa jibu wanakata simu, na simu ikikatwa mimi sirudi kuitwa wiki ijayo. Nikakaa chini nikasoma.

Kumbe gari huwa na majina mawili. Moja ni la mauzo, lile limebandikwa nyuma kwa gundi, nalo linang'oka. La pili limegongwa kwenye chuma. Impreza ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1992, kwenye chuma inaitwa GC ikiwa ni ile ya buti, na GF ikiwa imefungwa nyuma kama gari la familia. Tarakimu inayofuata inaeleza injini. GC1 ni ya lita 1.5, inayovutwa na magurudumu ya mbele, gari la kwenda sokoni. GC8 ni ya lita 2.0, magurudumu yote manne yanasukuma, na humo ndimo ilimo WRX yenye turbo. Kwa mtu aliyesimama kituoni ni gari moja.

Kizazi cha pili kilianza mwaka 2000, na hapo ndipo watu hugombana. Kwenye chuma ni GD, lakini sura zilibadilishwa mara mbili bila kizazi kubadilika. Ile ya kwanza ina taa za mviringo, macho ya mdudu, na wengi waliichukia. Mwishoni mwa 2002 ikaja yenye macho ya tone, kisha 2005 macho ya mwewe. Watu huita hizo vizazi vitatu. Si kweli, ni uso tu uliopakwa upya. Tofauti nzito iko kwenye herufi ya tatu: GDA ni WRX ya kawaida, GDB ni STI, yaani ile iliyopita mikononi mwa Subaru Tecnica International, kitengo cha mbio kilichoanzishwa 1988. GDB ina giaboksi ya gia sita. GDA ya kuendeshwa kwa klachi ina tano. Nembo ya STI ya rangi ya waridi unaweza kuinunua ukaibandika hata kwenye Probox. Gia ya sita haibandikwi.

Kuna jambo moja hapo linalowaliza watu Kirinyaga Road. Mwaka 2004, uso ukiwa ule ule wa macho ya tone, STI ilibadilishiwa habu. Nati tano zilizokuwa kwenye duara la milimita 100 zikahamia duara la milimita 114.3. Kwa hivyo STI mbili zinaweza kufanana kama mapacha, na rimu za moja zisiingie kwa nyingine. Muuza spea anayejua kazi yake hakuulizi gari ni la mwaka gani. Anasema, "Nitumie picha ya kile kibati."

Kizazi cha tatu nitakipita haraka, sikipendi: GR na GV, kuanzia 2007, kilichonenepa. Mwaka 2014 WRX ikatengwa kabisa na Impreza, ikawa na jina lake na chasisi ya VA, na STI yake ikaitwa VAB. Injini ya EJ20 ilipostaafishwa Japani, walitengeneza magari 555 ya kuaga. Namba hiyo ilitoka kwa sigara zilizodhamini timu yao ya mbio, ile ya magari ya buluu na manjano. Na 22B, Impreza ya mwaka 1998 inayotamaniwa kuliko zote? Ukisoma 22B kama namba katika hesabu ya misingi ya kumi na sita, unapata 555. Fanya hesabu mwenyewe.

Mjomba wangu hakujua hesabu hiyo, lakini Subaru alizijua. Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, yeye alikuwa ameshaamua gari atakalonunua. Alilipata baadaye, jeupe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa nembo ya WRX. Aliogopa wezi. Alipofariki, gari lilikuwa limekaa chini ya mwembe miaka mitatu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Januari ilipokaribia na karo ya mtoto ikiwa bado, anti aliita broka. Nilikuwepo. Yule jamaa alizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema, "Mama, hii ni Impreza ya zamani tu. Spea hakuna. Nakupea laki moja na themanini juu nakuheshimu."

Nikamuuliza kuhusu tundu la hewa kwenye boneti. "Hiyo watu hubandika, kijana. Urembo."

Nilifungua boneti. Juu ya injini kulikuwa na intakula, na pembeni turbo yenyewe, imejaa vumbi. Nikapangusa kibati: GC8. Nikamwita anti aje aone, nikamweleza herufi moja moja. G ya Impreza, C ya buti, nane ya injini. Nikamwambia sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo GC8 nyingine haiwezi kuja. Zilizoko ndizo hizo. Na zilizobaki Japani zinachukuliwa na Wamarekani, ambao kwao gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia.

Broka alitazama saa yake.

Anti alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo nilikuwa namwambia auze hiki kitu miaka hiyo yote, na yeye ananyamaza tu?"

Sikuwa na jibu la hilo. Alimwambia broka arudi siku nyingine. Karo alikopa kwa chama, na riba yake si mchezo, kwa hivyo sitajifanya nilileta sherehe. Fundi alikuja Jumamosi. Injini inazunguka lakini pampu ya mafuta imekufa, na anti ameniambia hakuna kuuza mpaka liwake.

Broka bado anapiga simu. Juzi alianza kwa kuuliza, "Ile GC8 yenu bado iko?"