Iwata, HAL na nusu ya hadithi niliyoiruka

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za kutafuta unga zilinibana. Leo sitaandika kuhusu PHP wala seva. Nataka kuwasimulia juu ya kampuni ndogo ya Japani iitwayo HAL Laboratory, na jinsi kuisoma hadithi yake vibaya kulivyonigharimu pesa. Pesa taslimu, si mfano.

Kama ulikulia Kenya miaka ya tisini, huenda umecheza kazi yao bila kujua. Unakikumbuka kile kidude cha gemu cha kuchomeka kwenye TV, chenye kaseti iliyoandikwa gemu 9999 lakini ukihesabu ni kama ishirini tu zinazorudiwarudiwa? Kile kilikuwa nakala bandia ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa mwaka 1983. Ndani yake kulikuwa na gemu ya mtu anayepaa kwa baluni mbili, anapiga mikono kama kuku anayefukuzwa, na chini majini samaki anamvizia. Hiyo ni Balloon Fight. Aliyeandika toleo lile la Famicom ni kijana wa HAL aitwaye Satoru Iwata. Mtaani kwetu tulimwogopa yule samaki kuliko mwalimu wa hesabu.

HAL ilianzishwa Tokyo mwezi wa Februari 1980. Jina lenyewe ni utani wa watu wa tarakilishi: chukua I, B na M, kisha rudi nyuma herufi moja kwa kila moja. Yaani wako hatua moja mbele ya IBM! Iwata alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Alikuwa na mazoea ya kushinda kwenye kitengo cha tarakilishi cha duka la Seibu pale Ikebukuro, na wale wa dukani walipofungua kampuni yao wakamchukua kibarua. Alipohitimu mwaka 1982 akabaki hapo hapo. Babake, ambaye alikuwa meya wa mji wa Muroran, alikaa karibu nusu mwaka bila kumsemesha. (Wenzangu mlioacha kozi ya ualimu ili muandike programu, hapo naona mnatikisa vichwa.)

Sasa tazama bahati. Tarakilishi aliyojifunzia Iwata ilikuwa Commodore PET, yenye prosesa ya 6502. Nintendo walipotoa Famicom, prosesa yake ilikuwa ya ukoo huo huo. Wengine walikuwa wanajifunza alfabeti, yeye tayari anaota kwa lugha hiyo. Ndiyo maana HAL walipewa kazi za Nintendo mapema, Golf na Balloon Fight zikiwemo.

Lakini kujua prosesa si kujua biashara. Kufikia 1992 HAL ilikuwa imezama kwenye deni la yeni bilioni 1.5. Hiroshi Yamauchi, rais wa Nintendo, alikubali kuwasaidia kwa sharti moja, kwamba Iwata awe rais wa kampuni. Mwaka 1993 akakalia kiti akiwa na umri wa miaka 33. Alichofanya kwanza ni kukaa na kila mfanyakazi, mmoja mmoja, na kumsikiliza. Baadaye aliligeuza jambo hilo kuwa desturi ya mara mbili kwa mwaka. Deni lililipwa kwa takriban miaka sita.

Kirby ndiye aliyewabeba, na Kirby pia karibu atupwe. Masahiro Sakurai, kijana ambaye hata miaka ishirini hajafikisha, alichora kidonge cha duara ili ashikilie nafasi tu wakati wanajaribu gemu, kisha watu wakakipenda kile kidonge kuliko chochote ambacho kingekibadilisha. Gemu ilikuwa itoke kwa jina Twinkle Popo, na maduka yalikuwa yameshaagiza nakala 26,000. Shigeru Miyamoto wa Nintendo akasema itakuwa hasara kuitoa hivyo. Maagizo yakafutwa, gemu ikarekebishwa, ikabadilishwa jina na kutoka mwaka 1992. Iliuza zaidi ya milioni tano.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe, maana hapa ndipo nilipoingia mkenge.

Gemu ya Mother 2 (Marekani iliitwa EarthBound) ilikuwa imetengenezwa kwa takriban miaka minne na haikuwa inaelekea popote. Picha zipo, muziki upo, maandishi ya Shigesato Itoi yapo, lakini vipande havishikani. Iwata akaja, akaangalia, akawaambia kwa upole: mkitaka nirekebishe mlichonacho, itachukua miaka miwili. Mkiniruhusu nianze upya, nusu mwaka. Wakachagua upya. Baada ya nusu mwaka ilikuwa inachezeka kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaipiga msasa nusu mwaka mwingine, ikatoka Japani Agosti 1994.

Programa gani hajapenda hadithi hii? Mimi niliipenda mno. Mwaka 2012 nilipata kazi kwenye sosaiti moja ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walikuwa na programu ya kupima maziwa na kukokotoa malipo, imeandikwa na mtu aliyeondoka kitambo. Msimbo wake ulikuwa kama kabati la marehemu, kila ukifungua mlango kinaanguka kitu. Majina ya vigezo yalikuwa a1, a2, zz. Nikakaa nao siku mbili, kisha nikaenda kwa meneja na nikatoa hotuba yangu ya Iwata, karibu neno kwa neno: kurekebisha ni mwaka mzima, kuanza upya ni miezi mitatu. Akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi.

Miezi mitatu ikawa saba. Lakini hilo si kubwa, hilo mnalijua. Kubwa ni kwamba mwezi wa kwanza wa kuitumia, sosaiti ililipa wakulima zaidi ya maziwa yaliyoingia kwenye tangi. Kila siku, kila mkulima, kidogo kidogo. Katibu alikesha akipiga hesabu kwa kalamu mpaka akaamini si yeye aliyekosea. Wakulima hawakurudishiwa mkono mfukoni, na ni haki yao, kwa hiyo pengo lilikatwa kwenye malipo yangu ya mwisho. Nililipa kodi ya nyumba ya miezi miwili kwa mkopo wa shemeji.

Ndipo nikarudi kumsoma Iwata tena, safari hii polepole. Nilikuwa nimeiruka nusu ya hadithi. Kwanza, hakutupa kazi ya wenzake. Picha, muziki na maandishi vilibaki. Alichokijenga upya ni mahali pa kuvishikanisha, na alianza kwa kutengeneza zana ili wengine wote wafanye kazi kwa wakati mmoja bila kumsubiri yeye. Mimi sikutengeneza zana yoyote. Nilijifungia chumbani na muziki masikioni.

Pili, yule bwana alijua kusoma. Pokémon Stadium ilipokuwa inaandaliwa, sheria za mapigano za zile gemu za Game Boy zilihitajika kwenye Nintendo 64, na hakukuwa na hati yoyote ya maelezo. Iwata, tayari rais wa kampuni nzima, aliuchukua msimbo asilia, akausoma, na ndani ya kama wiki moja mapigano yalikuwa yanafanya kazi kwenye mashine ile nyingine. Hakusema ni mchafu, tuanze upya. Hata mwaka 2001, akiwa ameshahamia Nintendo, alirudi HAL karibu wiki tatu kukagua msimbo wa Super Smash Bros. Melee na kuwinda hitilafu ili itoke kwa wakati. Mwaka uliofuata akawa rais wa Nintendo, na alibaki kwenye kiti hicho hadi alipofariki Julai 2015, akiwa na miaka 55.

Mimi nami nikaufungua tena ule msimbo wa zamani, jioni baada ya jioni. Nikauona mstari ambao siku ile ya pili niliucheka na kuufuta. Ulikuwa unapunguza zz kwenye kila kipimo kabla ya kuzidisha na bei. Nilidhani ni kosa. Zz ilikuwa uzito wa mkebe.

Nilimtafuta aliyeuandika. Ni mzee wa makamo sasa, anauza mbegu na dawa za mifugo. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kisha nikamuuliza kwa nini hakuandika hata neno moja la maelezo pale.

"Kijana wangu," akasema huku akinihesabia chenji ya mteja mwingine, "pale kila mtu alijua mkebe una uzito."