Sauti ya Mama Ndani ya Singeli

Jumamosi moja nilikuwa uani nakuna nazi, hapa kwetu Mtaa wa Swahili, Kariakoo, niliposikia kutoka chumbani kwa vijana sauti niliyoifahamu. Ilikuwa ya marehemu mama yangu, akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Lakini ilikuwa imekimbizwa hadi ikawa nyembamba kama ya mtoto, na chini yake ngoma zinapigwa kama mvua juu ya bati. Singeli! Niliinuka, nazi ikamwagika.

Mama mwenzangu, usinicheke. Kanda ile ya mwaka 1993 ndiyo pekee iliyobaki na sauti yake. Nilipoona redio imeanza kuila, nilimpa mwanangu aipeleke kwa kijana mmoja Mtaa wa Kongo anayehamishia kanda kwenye flashi. Nilitaka ihifadhiwe tu. Sikujua kwamba wimbo ukishaingia kwenye simu unaweza kukatwa na kushonwa upya kama kitenge.

Zamani kila muziki ulikuwa na mlango wake. Kanda za kwaya tulizinunua mezani nje ya kanisa baada ya ibada. Aliyetaka dansi alikwenda DDC Kariakoo kuwasikiliza Mlimani Park. Taarab tuliisikia arusini kwa majirani. Na kwa kuwa kanda iligharimu, kila mtu alinunua aipendayo, basi. Simu haina milango hiyo. Ya mwanangu ina kwaya, taarab, Bongo Fleva na amapiano ya Afrika Kusini, vyote mstari mmoja. Hata wale vijana wa kujaza nyimbo kwenye memori kadi hawakuulizi dhehebu!

Singeli yenyewe ilizaliwa hivyo hivyo. Vijana wa uswahilini, Manzese na Tandale, hawakuwa na fedha za magitaa. Walichukua vipande vya taarab iliyokwisha kurekodiwa, wakavikimbiza kwa kompyuta hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wakaimba juu yake. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso, ukasikilizwa hadi Ulaya.

Hayo yote mimi siku ile sikuyajali. "Unataka bibi yako achezewe kwenye vigodoro?" nilifoka.

"Mama, sijampa mtu," alijibu taratibu. "Bibi alifariki mimi sijazaliwa. Nilitaka kumsikia kwenye muziki wangu."

Nilikosa la kusema. Baba watoto, aliyekuwa kibarazani, akaongezea chumvi: "Na ninyi mlipoingiza magitaa na sebene la Kikongo kwenye kwaya, wazee walisema nini?" Ni kweli. Walisema tumeleta baa kanisani, na aliyetutetea alikuwa mama huyo huyo. Isitoshe, tenzi ambazo wazee walizilinda, nyingi tuni zake zilitoka Ujerumani.

Hata hivyo sikukubali yote. Kwaya haikuwa ya mama peke yake, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Nilimwambia mwanangu ile ya asili aihifadhi mahali pawili, asiiguse kabisa. Halafu aende kwa wanakwaya waliobaki akaombe ruhusa.

Tulianza na bibi mmoja wa Ilala ambaye miguu sasa haimpeleki mbali. Kijana akampa shikamoo, akamvalisha spika za masikioni. Mimi nilikaa ukingoni mwa kiti nikisubiri tufukuzwe. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Akasikiliza tena, amekunja uso. Kisha akavivua vile vitu masikioni.

"Mjukuu wangu," alisema, "mbona sauti ya pili umeikata? Mimi nipo pale."

Tangu juzi kijana yuko na kompyuta yake, anamtafuta bibi kwenye kanda.