Eti Tulianza Sawa na Wakorea

Kaa Kidahwe, pale njia panda ya Kasulu na Uvinza, na haitapita siku hujaisikia: “Sisi na Korea tulianza sawa.” Vijana wa bodaboda wanaisema huku wakiangalia minara ya umeme. Na wana sababu ya kuitaja Korea. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi inaishia kwenye kituo cha kupoza umeme cha hapa hapa, na sehemu ya fedha zake ni mkopo wa Wakorea. Ukivuka Uvinza, Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi limejengwa na kampuni ya Hanil, ya kwao pia, kwa mkopo wao pia. Hitimisho la kijiwe ni lile lile: wenzetu walipata mkali mmoja, akapanga, watu wakanyooka.

Sentensi hiyo inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli.

Chukua Hyundai. Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima, alitoroka kwao na hela ya ng'ombe wa baba yake, akafanya kazi kwenye duka la mchele Seoul, akafungua gereji, na mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya ujenzi. Jina lake maana yake ni “usasa”. Baada ya mapinduzi ya 1961, Jenerali Park Chung-hee alitaifisha mabenki, na 1962 ukaanza mpango wa kwanza wa miaka mitano. Sisi mpango wetu wa miaka mitano ulianza 1964, na mabenki tukayataifisha Februari 1967. Mpaka hapo tunafanana, bwana.

Tofauti ilikuwa kwenye mkopo. Kule serikali ilishika benki lakini viwanda ikawaachia akina Chung, kisha ikawaambia: hela hii ni nafuu, ila lazima uuze nje. Park alikuwa anakaa mwenyewe kwenye vikao vya kila mwezi vya mauzo ya nje. Aliyefikisha lengo aliongezewa, aliyeshindwa alinyimwa. Hyundai ilikwenda kujenga barabara Thailand katikati ya miaka ya 1960, ikapata hasara, lakini ikarudi na ujuzi uliotumika kwenye barabara ya Seoul hadi Busan, kilomita 428, 1968 hadi 1970. Mwaka 1972 wakaanza karakana ya meli Ulsan, na meli ya kwanza wakawa wanaiunda huku karakana yenyewe bado inajengwa. Si mchezo.

Kwetu, benki na viwanda vyote viliwekwa kwenye kapu moja, chini ya NDC na mashirika ndugu zake. Shirika likipata hasara lilirudi serikalini kuomba tena, na likapewa. Mteja wa nje hakuwepo wa kulikataa.

Kijiwe huwa hakitaji mambo mengine. Korea ilikuwa na misaada mikubwa ya Marekani, ikapata fedha za Japani kwa mkataba wa 1965, ikapata na tenda za vita ya Vietnam. Sisi tulipata bei ya mafuta ya 1973 na vita ya Kagera. Na huo ukali wanaousifia? Kwenye ile barabara ya Busan walikufa wafanyakazi 77. Wafanyakazi wa Hyundai pale Ulsan walingoja hadi Julai na Agosti 1987 ndipo wakagoma kwa maelfu kudai vyama vyao wenyewe.

Tena ukali sisi tulikuwa nao, hasa huku. Operesheni Kigoma ya 1972 ilihamisha watu wakapangwa kwenye vijiji vya kando ya barabara. Bibi yangu aliendelea kutembea asubuhi nzima kurudi mahame kuvuna michikichi yake, maana mchikichi haubebwi kichwani. Watu walinyooka. Aliyepanga ndiye hakuulizwa: mawese yameongezeka au yamepungua?

Swali hilo nalibeba sasa, kwa sababu mpango mwingine umekuja. Tangu 2018 serikali imeamua Kigoma iwe mkoa wa michikichi, na kituo cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora. Mjomba wangu amepanda ekari mbili. Nilipomsimulia habari za Chung alinisikiliza vizuri, akacheka kidogo kwenye ng'ombe, kisha akasema, “Sawa mpwa wangu. Huyo alikopeshwa, akaambiwa auze wapi. Mimi nimepewa miche. Wa kuninunulia ni nani?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Kwa sasa anakamua kwa mashine ya mkono, mise anauza kwa wachuuzi wanaopita. Wiki iliyopita alikwenda kuuliza gharama za kuvuta umeme wa njia tatu kwa ajili ya mashine. Kutoka kwake unaiona ile minara vizuri kabisa. Ameambiwa zinahitajika nguzo nne.