Kutoka Jinja hadi Malukhu: Tuwatazame Wadudu

Msafiri atokaye Jinja huuacha Mto Nile nyuma yake, akapita Iganga, akavuka mashamba ya mpunga na matete ya Mto Mpologoma, ndipo aonapo mbele yake ukuta wa mawe wa Wanale, ulio tawi la Mlima Elgon. Chini yake umelala mji wa Mbale, na upande wake wa viwanda ndiko uliko mtaa wa Malukhu.

Mvua zinapoanza, kumbikumbi hutoka ardhini na kuzikimbilia taa. Watoto huwaokota, na akina mama huwakaanga kwa mafuta ya mdudu mwenyewe. Kabla hajafika kikaangoni, ndugu msomaji, mchukue mmoja umtazame. Mwili wake una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kichwani mna macho, taya na vipapasio viwili. Kifuani hutoka miguu sita na mabawa manne yaliyo sawa kwa urefu, ambayo akitua huyakata yote kwenye mstari uliokwisha kuandaliwa. Tumboni hapatoki mguu hata mmoja. Ubavuni mwake mna vitundu vya kupumulia, maana mdudu hana pua.

Mifupa hana pia. Ngozi yake ngumu ndiyo mifupa yake, nayo imepangwa vipande vipande kama mabati, na kati ya bati na bati pana ngozi laini. Mtazame malkia wa kichuguu: tumbo limefura kwa mayai, ngozi laini imenyooka, na yale mabati yamebaki mbalimbali kama visiwa.

Basi hesabu miguu kwanza. Ikiwa minane, huyo ni kupe au buibui, si mdudu wa jamaa hii. Kisha hesabu mabawa. Nzi, mbu na usubi wana mawili tu; ya nyuma yamegeuka virungu vidogo viwili vya kumweka sawa angani.

Usubi ndiye anayestahili kujulikana zaidi na jamaa za askari. Ni mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi, mwenye mabawa mapana, vipapasio vifupi, na mgongo uliotuna kama nundu ya ng'ombe. Mbu hudunga, usubi hukata ngozi, kisha hunywa damu inayojaa katika jeraha. Tena huuma mchana, kwa hiyo askari wa doria kando ya mto hasaidiwi na chandarua chake. Katika kuuma huweza kuambukiza minyoo ambayo watoto wake hutembea ndani ya ngozi, humwasha mtu miaka mingi, na wakifika machoni humpofusha.

Huko Jinja watu walimwita mbwa, na waliowahi kuumwa hawakuona jina hilo kuwa kali mno. Viluwiluwi vyake vilishika mawe ya maporomoko kwa duara la kulabu lililo mkiani, vikichuja chakula majini kwa vifagio vya mdomoni. Mwaka 1952 Nile ilitiwa dawa ya DDT, na mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, maporomoko ya karibu yakazama. Kazi ya dawa ilirudiwa, na katika miaka ya 1970 usubi wa hapo alikwisha.

Mlimani Elgon alikuwako binamu yake, mjanja zaidi. Ukigeuza mawe ya kijito hutakiona kiluwiluwi chake hata kimoja. Siri hiyo ilielezwa mwaka 1950 na wataalamu waliokuwa Kenya: kiluwiluwi hupanda juu ya kaa wa mtoni, kikajishikiza kwenye gamba lake kwa zile kulabu, kikabebwa bure.

Kuanzia mwaka 1994 wakazi wa mlimani upande wa Uganda walipewa vidonge vya ivermektini mara moja kwa mwaka. Mwaka 2007 vikawa mara mbili, na vijito vikatiwa dawa. Watafiti waliendelea kuwakamata kaa na kuwachunguza gamba kwa gamba, hata ikafika siku wakawakuta watupu.