Shilingi kwa ya Pili

Katika riwaya ninayoiandika wamo ndugu wawili wa Kirumba. Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba walifanana kama njegere mbili ndani ya ganda moja. Msemo huo nilijifunza kwenye Kiingereza cha sekondari. Waingereza huwatajia watu ambao huwezi kuwatofautisha kwa sura, au hata kwa tabia. Basi nikajiona mwandishi.

Nikamsomea mama. "Ganda la njegere umeliona wapi wewe?" Kweli, jamani. Njegere mimi huzikuta sokoni zimekwisha kumenywa. "Andika walifanana kama shilingi kwa ya pili," akasema. "Nani hataelewa?"

Nikabisha. Shilingi ipi? Yeye aliishika, ile iliyotoka mwaka 1966, upande mmoja sura ya Nyerere, upande wa pili mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Mimi tangu nizaliwe sijanunua kitu cha shilingi moja. Nikaona msemo wake umechacha kuliko wangu.

Jumamosi akanituma dagaa mwaloni. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaacha sindano, akanikazia macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. We kijana, baba yako si fulani?" Akataja jina.

Baba alivuka kwenda Ukerewe nikiwa darasa la pili, hakurudi. Nyumbani hatuna picha yake hata moja.

"Ndiye," nikajibu.

"Shilingi kwa ya pili! Hata kusimama, bega moja chini." Halafu papo hapo: "Sasa ile hela yangu ya injini atanilipa nani?"

Watu wakacheka. Mimi nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nimesimama na ndoo, deni la baba limenikuta kwa uso tu. Njiani nikawaza: njegere hukaa pamoja, basi. Lakini shilingi moja hulipa mahali pa nyingine. Muuzaji hajali umempa ipi. Hilo mama hakunieleza, au labda hakuna anayelifikiria anaposema.

Usiku nilichukua kioo cha mama nikakaa nacho muda mrefu karibu na taa. Nilishusha bega la kulia, kisha la kushoto. Mzee hakusema ni lipi.

Njegere nimezifuta. Dagaa mama aliwasifu, wakubwa, wakavu. Habari za injini sijamwambia.