Garanti ni Amana

Hapa Goma ni nadra mtu kupewa ufunguo wa nyumba kabla ya kuweka garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliamuru kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Mwenye nyumba wangu alidai ya miezi 6. Nilipomtajia sheria, alijibu kwamba wapangaji ni wengi. Watoto walihitaji pa kulala, nikalipa. Katika hati aliandika miezi 3 tu.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika moto, na ardhi ikatetemeka siku nyingi. Kuta zikapasuka. Tulipohama, bwana yule alizuia feza yote kwa sababu ya nyufa. Nikamwita mkubwa wa avenyu, naye akaona nyufa zile zile kwa majirani wote. Mpangaji halipi uharibifu usiotokana na kosa lake. Miezi 3 ikarudishwa. Ile isiyoandikwa ikakanwa.

Garanti si kodi wala zawadi. Ni amana, nayo hubaki mali ya aliyeiweka. Basi, ndugu, hati itaje kila dola uliyotoa, mbele ya shahidi.